Bechi moja, bidhaa mbili: kutafuta chanzo pale stoki inapokataa kukaa sawa

Kiwanda kinachokamua alizeti hakiwezi kutoa mafuta bila kutoa mashudu. Kinu cha ngano kikitoa unga, pumba nayo ipo. Mtambo unaopitisha umeme kwenye maji ya chumvi ukitoa tani 1 ya klorini, unatoa pia takriban tani 1.1 za sodiamu haidroksaidi na kilo 28 hivi za haidrojeni, utake usitake. Bidhaa zinazotoka pamoja kwenye bechi moja namna hii tutaziita hapa bidhaa pacha.

Mifumo mingi ya kujaza stoki, iwe ya kompyuta au ya daftari, hutazama bidhaa moja moja: imebaki kiasi gani, inahitajika kiasi gani, oda itoke lini. Kwa bidhaa pacha utaratibu huo unakosea tangu mwanzo, kwa sababu uamuzi ulio mikononi mwa mpangaji ni mmoja tu: bechi ngapi ziingie mtamboni, na lini. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini, ukiifuata hadi mzizi, utakuta kuna mahali uamuzi huo mmoja umegawanywa ukawa miwili bila mtu kukusudia.

Mfano tutakaokwenda nao ni huu: bechi ya tani 10 za mbegu za alizeti inatoa tani 3.8 za mafuta na tani 5.8 za mashudu, na tani 0.4 zinapotea kwa unyevu, vumbi na tope la mafuta. Ni tarakimu za kielelezo. Weka za kwako, hesabu haibadiliki.

Hesabu ya kufanya kabla ya kugusa mfumo

Kwa kila bidhaa pacha, pata mahitaji halisi: mahitaji ya wateja, jumlisha akiba ya tahadhari (stoki ya ziada ya kujikinga na mambo yasiyotarajiwa), toa stoki iliyopo, toa kinachotarajiwa kuingia. Kisha gawanya kwa kiasi kinachotoka kwenye bechi moja. Tuseme wiki hii mahitaji halisi ni tani 19 za mafuta na tani 34.8 za mashudu. Mafuta yanadai bechi 5 (19 ÷ 3.8). Mashudu yanadai bechi 6 (34.8 ÷ 5.8). Namba kubwa ndiyo inayoamua, kwa hiyo wiki hii bidhaa kiongozi ni mashudu na utaendesha bechi 6. Mafuta yatazidi kwa tani 3.8.

Wengi wanaishia hapo na kurudia hesabu hiyo kila wiki kivyake. Hilo ni kosa linalokula malighafi kimya kimya. Chukua wiki ya pili yenye mahitaji ya tani 26.6 za mafuta na 23.2 za mashudu. Ukiihesabu peke yake, mafuta yanadai bechi 7 na mashudu 4, hivyo unaendesha 7, na jumla ya wiki mbili inakuwa 13. Sasa hesabu kwa kulimbikiza: mafuta ya wiki zote mbili ni tani 45.6, yaani bechi 12. Mashudu ni tani 58, yaani bechi 10. Bechi 12 zinatosha, kwa kuwa ziada ya mafuta ya wiki ya kwanza inaingia kazini wiki ya pili. Tofauti ni bechi moja, tani 10 za mbegu. Kwenye lahajedwali, weka safu ya mahitaji limbikizi kwa kila bidhaa, gawanya kwa utoaji wa bechi, chukua kubwa zaidi, zungusha juu hadi namba kamili, kisha toa bechi ambazo tayari umezipangia wiki zilizotangulia.

Karatasi hii ndiyo kipimo chako. Mfumo ukitoa jibu tofauti nayo, sasa una pa kuanzia.

Dalili: mfumo unaagiza malighafi karibu mara mbili

Kwa mfano wetu wa wiki ya kwanza, mfumo unatoa oda za bechi 11 badala ya 6. Ukiona namba iliyo sawasawa na jumla ya bechi za kila bidhaa (5 + 6), usihangaike kutafuta mbali: kila bidhaa inajitengenezea oda yake, na hakuna inayoona kinachotoka kwenye oda ya mwenzake.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida, ni fomula mbili (fomula ni rekodi ya mfumo inayosema bechi moja inatumia nini na inatoa nini). Mtu alifungua fomula ya mafuta yenye tani 10 za mbegu, kisha akafungua ya mashudu yenye tani 10 zilezile. Chanzo cha pili: fomula ni moja, lakini mashudu hayamo ndani yake. Yanaingizwa stoo kwa mkono baada ya kukamua, hivyo oda iliyopangwa ya mafuta haibebi mapokezi yoyote ya mashudu, na kwa macho ya mfumo mashudu hayatakuja mpaka yafike. Chanzo cha tatu kimejificha zaidi. Fomula ni moja na mashudu yamo, ila mfumo unapiga hesabu ya mashudu kabla ya mafuta. Wakati wa zamu ya mashudu, oda za mafuta bado hazijazaliwa, kwa hiyo hakuna mapokezi ya kuhesabu. Hiki kinatokea pale bidhaa hizo mbili zinapokuwa kwenye ngazi tofauti za hesabu, kwa mfano kama mafuta yanatumika pia ndani ya bidhaa nyingine iliyo juu yake na mashudu hayatumiki popote.

Kutofautisha vyanzo hivi, fanya jaribio kwenye mazingira ya majaribio, stoki zote zikiwa sifuri na akiba za tahadhari zimezimwa.

1. Weka mahitaji ya tani 3.8 za mafuta pekee. Endesha hesabu. Itoke oda moja ya bechi moja, na kwenye ukurasa wa mashudu yaonekane mapokezi ya tani 5.8 yanayotarajiwa. Mapokezi yasipoonekana, ni chanzo cha pili.
2. Ongeza mahitaji ya tani 5.8 za mashudu kwa tarehe hiyohiyo. Isitoke oda mpya. Ikitoka, angalia imetumia fomula ipi: ikiwa nyingine, ni chanzo cha kwanza, ikiwa ileile, endesha hesabu mara ya pili bila kubadilisha kitu. Oda ya ziada ikifutika au ikiambatana na ujumbe wa kuifuta, mpangilio wa ngazi ndio wenye shida.
3. Pandisha mashudu hadi tani 11.6. Jumla iwe bechi mbili. Mfumo ukibaki na bechi moja na kuonyesha upungufu wa mashudu, maana yake mashudu hayaruhusiwi kuanzisha oda.

Hatua ya 3 ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye mtego. Marekebisho yanayopendwa ni kuacha fomula moja chini ya bidhaa kuu na kuweka bidhaa ya pili ndani yake kama bidhaa pacha, au kwa kiasi chenye alama ya kutoa pale mfumo usipokuwa na sehemu maalumu ya kuiweka. Kisha bidhaa hiyo ya pili inazuiwa kujizalishia oda. Oda mbilimbili zinaisha, ila umemfanya mafuta kuwa kiongozi wa kudumu. Wiki ambayo mashudu ndiyo yanayodai zaidi, mfumo utanyamaza.

Njia iliyo imara zaidi ni kuunda kipengele kisichoshikika kiitwacho, tuseme, "Bechi ya kukamua", na kukipangia hicho. Fomula yake inatoa 3.8 na 5.8, mbegu zinaningʼinia chini yake, na mahitaji yake ya kila wiki yanatoka kwenye ile hesabu limbikizi. Mafuta na mashudu yote mawili yanazuiwa kuanzisha oda. Ni kazi ya ziada kwa mpangaji kila wiki, lakini kiongozi anaweza kubadilika bila mtu kufungua mipangilio ya mfumo.

Dalili: bidhaa moja inafurika, nyingine haitoshi

Kabla ya kulaumu mfumo, pima kama kweli kuna kosa. Mahitaji ya wateja wako yakiwa tani 1 ya mafuta kwa kila tani 1.83 za mashudu, na mtambo ukitoa kwa uwiano wa 1 kwa 1.53, ziada ya mafuta ipo hata ukipanga kwa usahihi wote. Hakuna mpangilio wa kiwango cha kuagiza upya (kile ambacho stoki ikishuka hadi hapo oda inatoka) utakaoiondoa.

Kosa linalofuata hapo ni kupunguza bechi ili ziada ishuke. Inashuka kweli, na upungufu wa bidhaa kiongozi unakua. Una njia tatu tu za halali: kutafuta pa kupeleka ziada, kubadilisha uwiano wa utoaji, au kununua nje kiasi cha bidhaa kiongozi kinachopungua.

Hii ya tatu inasahaulika mno. Katika wiki yetu, bechi ya sita inaendeshwa kwa ajili ya tani 5.8 za mashudu pekee. Linganisha: gharama ya tani 10 za mbegu na ukamuaji wake, toa thamani utakayoipata kweli kwa tani 3.8 za mafuta ya ziada, dhidi ya bei ya kununua tani 5.8 za mashudu kwa mwingine. Angalia maneno "utakayoipata kweli". Mafuta hayo kama yatakaa miezi na kuuzwa kwa punguzo, thamani yake ni bei ya punguzo ukiondoa gharama ya kuyahifadhi. Bei ya orodha haina nafasi kwenye hesabu hii.

Kubadilisha uwiano kunawezekana kwenye michakato mingi: kukamua mara moja au mara mbili, kukaza au kulegeza uchujaji wa unga, kusogeza kiwango cha mafuta kinachobaki kwenye maziwa. Kila mpangilio upewe fomula yake yenye namba zake. Usijaribu kuweka wastani wa fomula mbili ndani ya moja. Wastani huo hautatokea mtamboni hata siku moja.

Kwa bidhaa isiyo kiongozi, ondoa kiwango cha chini cha kuagiza upya, kwa sababu kikiguswa kitaanzisha bechi nzima. Badala yake weka kiwango cha juu, ambacho stoki ikikifikia taarifa inakwenda kwa watu wa mauzo, wala si kwa uzalishaji.

Dalili: mtambo unasimama kwa sababu ya bidhaa ambayo hakuna anayeiulizia

Ghala la mashudu limejaa, hivyo mafuta yanayosubiriwa na wateja hayawezi kukamuliwa. Chanzo ni kwamba nafasi ya kuhifadhi haimo kwenye mpango. Siku zilizobaki ni nafasi iliyo wazi ikigawanywa kwa tofauti ya kinachoingia na kinachotoka. Ghala la tani 60 lenye tani 41, linalopokea tani 5.8 kwa siku na kutoa tani 3, litajaa baada ya siku 6.8 (19 ÷ 2.8). Ikiwa mnunuzi wa mashudu huchukua siku 10 kuleta lori, tayari umechelewa.

Andika namba hiyo ya siku pembeni ya mpango wa kila wiki, na uipe kizingiti: siku zikiwa pungufu ya muda wa kupata usafiri jumlisha siku 2, hatua ichukuliwe leo. Kwa bidhaa isiyohifadhika kwa wingi, hali ni ngumu zaidi. Klorini ni mfano mzuri: kuirundika ni hatari, hivyo mahitaji yake yakishuka mtambo unapunguzwa kasi, na sodiamu haidroksaidi inaadimika hata kama wateja wake wamejipanga foleni. Anayepanga stoki ya sodiamu haidroksaidi bila kufuatilia soko la klorini anafuatilia nusu ya habari.

Dalili: ripoti inasema ipo, stoo hakuna

Hapa kuna vyanzo vinne, na ni vizuri kuvipima kwa mpangilio huu kwa sababu viwili vya kwanza vinakaguliwa kwa dakika chache.

*Mapokezi hewa.* Oda ilitakiwa kutoa tani 5.8, zikaingia 5.5, na oda haikufungwa. Zile tani 0.3 zinabaki kwenye hesabu kama "zinakuja". Oda ishirini za namna hiyo ni tani 6 zisizokuwepo. Toa orodha ya oda zote ambazo malighafi yake imeshatumika na bado zina mapokezi yanayosubiriwa, uzifunge. Kinyume chake pia hutokea: oda inafungwa mara tu mafuta yanapoingizwa, na mashudu ambayo hayajapimwa yanapotea kwenye mpango.

*Wakati tofauti.* Mashudu yanaweza kutolewa siku ileile, mafuta yanahitaji kutulia na kuchujwa. Fomula ikizipa bidhaa zote tarehe moja ya kutoka, mauzo yataahidi mafuta ambayo bado yana tope. Kila bidhaa pacha iwe na ucheleweshaji wake kwenye fomula.

*Mfumo unajiandikia.* Kama kila rekodi ya tani 3.8 za mafuta inaingiza tani 5.8 za mashudu bila mtu kupima, stoki ya mashudu ni makadirio yaliyovaa sura ya hesabu. Pima walau bechi moja kati ya kila tano kwa mizani, na kwa bidhaa yenye thamani, pima zote.

*Utoaji umebadilika.* Fomula inasema 38%, mbegu za sasa zinatoa 35.5%. Kwenye bechi 5 umekosa tani 1.25 za mafuta, na mashudu yameongezeka. Chora utoaji wa bechi 30 za mwisho kwa mpangilio wa tarehe, ukitenga kila mzigo wa mbegu kwa rangi yake. Namba zikicheza juu na chini ya mstari bila mpangilio, ni mtetemo wa kawaida, na dawa yake ni akiba ya tahadhari. Zikishuka kwa ngazi kila mzigo mpya unapoanza, ni malighafi, na dawa yake ni fomula kwa kila daraja la mbegu au kila msambazaji. Zikiteremka polepole ndani ya mzigo uleule, muite fundi: skrubu au ngome ya kinu imelika.

Kwa nini kutofautisha ni muhimu? Kwa sababu ukubwa wa akiba ya tahadhari unategemea hilo. Tuseme mkengeuko sanifu wa mafuta (kipimo cha jinsi utoaji unavyotawanyika kuzunguka wastani) ni kilo 150 kwa bechi na wiki ina bechi 5. Kama kila bechi inayumba kivyake, mkengeuko wa wiki ni 150 mara kipeuo cha pili cha 5, yaani kilo 335, na kwa kinga ya 95% (kizidisho 1.65) unahitaji kilo 553. Lakini kama bechi zote tano zimetoka kwenye mzigo mmoja wa mbegu dhaifu, zinaanguka pamoja. Mkengeuko unakuwa 150 × 5, kilo 750, na akiba inayohitajika ni kilo 1,238. Akiba zilizopigwa hesabu kwa njia ya kwanza huisha ghafla pale mzigo mbaya unapoingia, na watu hubaki wakishangaa mahitaji yaliyokuwa ya kawaida kabisa. Jumlisha mtetemo huu wa utoaji na ule wa mahitaji kwa kuzidisha kila mkengeuko kwa wenyewe, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo.

Jambo moja zaidi kuhusu akiba ya tahadhari: ukiiweka kamili kwa bidhaa zote pacha, inayopungukiwa itavuta bechi na kuijaza nyingine. Iweke kwa bidhaa kiongozi, na nyingine ipewe kidogo. Kama bechi inachukua siku moja na wateja wanaweza kusubiri siku mbili, afadhali akiba ikae kama mbegu. Mbegu ni kinga ya mafuta na mashudu kwa pamoja. Tani ya mashudu haimsaidii anayetaka mafuta.

Dalili: uzito ulioingia na uliotoka haulingani

Jumla ya bidhaa zote na upotevu irudi kwenye uzito wa malighafi. Tofauti isiyozidi 1% inavumilika kwa mizani ya kawaida ya kiwanda. Zaidi ya hapo tafuta sababu kabla ya kubadilisha fomula.

Anza na vipimo. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina takriban kilo 0.92. Tani 3.8 ni kama lita 4,130. Mtu akisoma lita 3,800 kwenye tangi na kuziandika kama kilo, stoki inapata kilo 304 ambazo hazipo, maana lita hizo zina kilo 3,496 tu.

Kisha unyevu. Mashudu tani 5.8 yenye unyevu wa 8% yana tani 5.34 za kitu kikavu. Yakikaa ghalani yakafikia unyevu wa 11%, mizani itasoma karibu tani 6.0. Hakuna mashudu mapya, ni maji. Bidhaa zinazofyonza au kupoteza maji zirekodiwe kwa uzito mkavu, au zipimwe daima katika hatua ileile, mara tu zinapotoka kinuni.

Mwisho, upotevu wa kuwasha mtambo. Kama kilo 200 zinapotea kila unapowasha, bila kujali ukubwa wa bechi, basi kwenye tani 10 ni 2% na kwenye tani 4 ni 5%. Fomula inayopunguzwa kwa uwiano itadanganya kwenye bechi ndogo. Gawa upotevu mara mbili: sehemu isiyobadilika na sehemu ya asilimia.

Dalili: mpango unageuka kila siku

Jana mafuta yalikuwa kiongozi, leo mashudu, kesho mafuta tena, na mnunuzi wa mbegu hajui ashike lipi. Hii hutokea pale mahitaji ya bidhaa zote mbili yanapokaribiana kwa idadi ya bechi. Oda ndogo tu inatosha kuvuka mpaka: mashudu yakipanda kutoka tani 34.8 hadi 35.8, hesabu inasoma 6.17, inazungushwa juu kuwa 7, na tani 10 za mbegu zinaagizwa kwa ajili ya tani 1.

Weka kanuni ya sehemu: sehemu ya mwisho ikiwa chini ya 0.2 ya bechi, itolewe kwenye akiba ya tahadhari na isianzishe bechi. Kwa tani 5.8, hiyo ni tani 1.16. Funga pia mpango kwa muda usiopungua muda wa kusubiri mbegu; ndani ya muda huo, kuongeza bechi kuamuliwe na mtu, si na mfumo.

Dalili: daraja la chini linadai bechi ilhali daraja la juu limejaa

Kwenye kuchambua mbao, mayai, matunda au vipande vya elektroniki, bechi moja inatoa madaraja, na la juu linaweza kujaza oda ya la chini ila si kinyume chake. Mfumo usiojua hivyo unazalisha bure.

Chukua vipande 1,000 vinavyotoa 30% daraja la kwanza, 50% la pili, 20% la tatu. Mahitaji ni 300, 400 na 300. Ukipanga kila daraja kivyake, la tatu linadai vipande 1,500 (300 ÷ 0.2). Panga kwa kulimbikiza kutoka juu: la kwanza 300 ÷ 0.3 = 1,000; la kwanza na la pili 700 ÷ 0.8 = 875; yote matatu 1,000 ÷ 1.0 = 1,000. Kubwa ni 1,000. Vipande 100 vya ziada vya daraja la pili vinashushwa kujaza la tatu, na umeokoa 500. Kushusha huko kuandikwe kama uhamisho wa stoki, vinginevyo takwimu za utoaji za madaraja zitaharibika na hesabu ya mwezi ujao itaanza ikiwa imepotoka.

Dalili: mfumo unapendekeza kiasi kikubwa ajabu cha bidhaa moja

Angalia gharama yake kwenye kumbukumbu za mfumo. Pumba au mashudu yaliyopewa gharama ya sifuri yana gharama ya kuhifadhi ya sifuri pia, na kanuni ya kiasi nafuu cha oda (inayotafuta ukubwa wa oda wenye gharama ndogo zaidi ya kuagiza na kuhifadhi) inagawanya kwa namba hiyo. Hata gharama ikishushwa hadi robo tu ya ile halisi, kiasi kinachopendekezwa kinakuwa mara mbili. Kwa bidhaa pacha usitumie kanuni hiyo kabisa. Ukubwa wa oda ni bechi.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka gharama za pamoja zigawanywe kwa msingi wa busara usiobadilikabadilika, kwa mfano kwa thamani ya mauzo, na kinaruhusu masalia yenye thamani ndogo yapimwe kwa thamani halisi ya kuuzika (bei ya kuuza ukitoa gharama za kukamilisha na kuuza), ambayo inatolewa kwenye gharama ya bidhaa kuu. Asilimia za mgawanyo zijumlike kuwa 100. Hizo ni za vitabu vya hesabu; kuamua kama bechi moja zaidi inafaa, rudi kwenye ulinganisho wa bechi ya sita hapo juu.

Dalili: hesabu haiishi, au mfumo unakataa fomula

Kinachotoka kwenye bechi kinarudi kuwa malighafi ya bechi hiyohiyo: vipande vya kioo, plastiki iliyosagwa upya, unga uliorudishwa. Mfumo unazunguka kwa kuwa bidhaa inajihitaji yenyewe. Kata mzunguko kwa kutumia namba mbili za bidhaa kwenye mfumo: moja ya kinachotoka, nyingine ya kinachoingia, na uhamisho wa mkono kati yao. Ile inayotoka isipangiwe kabisa. Ile inayoingia ipangiwe kwa kiwango cha kuagiza upya, na fomula iandikwe kwa malighafi mpya kamili ili kupungua kwa marudio kusisimamishe mtambo. Kiasi kinachorudishwa kikizidi kile kinachotumika kwa zaidi ya mwezi mfululizo, hilo si suala la stoki tena. Chunguza ubora wa bechi yenyewe.